Kuunda kitu (object) na kuita mbinu (method) yake papo hapo katika lugha ya programu ya PHP
Swali: Wakuu, mstari new Ankara()->wekaMteja('Asha')->chapisha() unafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yangu, lakini seva inaukataa kwa kosa la sintaksia (kanuni za uandishi wa msimbo). Tatizo ni nini?

Jibu la 1: Mkuu, angalia toleo la PHP kwenye seva, kwa kuwa mabano ya kuzungushia new yaliacha kuwa ya lazima katika PHP 8.4, iliyotoka Novemba 2024. Katika matoleo ya nyuma andika (new Ankara())->wekaMteja('Asha'), ambayo kwangu mimi husomeka vizuri zaidi hata leo.

Jibu la 2: Naongezea kwamba wekaMteja() haina budi kuishia na return $this (yaani irudishe kitu chenyewe), la sivyo chapisha() itaitwa juu ya null, yaani pasipo na kitu.

Muulizaji: Kweli seva ina 8.2. Nimeweka mabano, imekubali. Ahsanteni.