Namba za msimu Novemba hadi Machi: mawakala wa bima Ujerumani wanatupiga mchana kweupe

Wakuu, samahani uzi ni mrefu, ila nisipoyatoa haya ya bima na namba za msimu (namba zinazoruhusu gari barabarani miezi fulani tu ya mwaka) leo nitapasuka. Nawaandikia hasa nyie mnaojiandaa kuja Ujerumani, na nyie mliofika juzi mkapangiwa kazi vijijini. Tangu Kenya isaini ule mkataba wa ajira na Berlin Septemba 2024, humu kila mtu anaulizia cheti cha Kijerumani. Sijaona hata mmoja anayeuliza atafikaje kazini Januari.

Mimi nipo Allgäu, kusini kabisa mwa Bavaria, chini ya milima ya Alpi. Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee inaanza saa kumi na mbili kamili. Basi la kwanza linapita baada ya hapo, na Jumapili halipo kabisa. Gari la nyumbani analo mwenzangu, naye anaelekea upande mwingine. Kwa hiyo unalazimika kutafuta la pili, lile ambalo wenyeji wanaliita gari la baridi: mkweche wa bei chee uliwe na chumvi ya barabarani, lile zuri lisalimike.

Wauzaji niwamalize haraka. Unaingia yadi, jamaa anakuangalia usoni, swali la kwanza: "Afrika? Unasafirisha?" Mzee, usukani uko kushoto na gari limezeeka, hata Mombasa hawalitaki, Kenya mwisho ni miaka 8! Lakini haulizi kwa udadisi. Akiandika kwenye mkataba kwamba gari ni la kupeleka nje, au ni la kuokotea vipuri, au kwamba yeye anauza tu kwa niaba ya mteja, anajitafutia njia ya kukwepa dhamana. Sheria inamtaka mfanyabiashara anayemuuzia mtu wa kawaida awajibike kwa kasoro za gari lililotumika, walau mwaka mmoja. Na tangu 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka huo, ni yeye wa kuthibitisha kwamba haikuwepo siku ya mauzo. Wangu aliuchomeka mstari wa "kwa niaba ya mteja" chini kabisa, kwa herufi za sisimizi. Nikagoma kusaini mpaka aufute. Alinuna, akafuta.

Halafu tairi. "Za baridi hizi, bado nzima!" Nikachuchumaa na tochi ya simu. Ubavuni imeandikwa M+S tu (matope na theluji), ile alama ya mlima wa ncha tatu wenye chembe ya theluji ndani haipo. Tarakimu za kiwandani 2216, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2016. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tairi ya M+S isiyo na ule mlima haihesabiki tena kuwa ya baridi. Ukikamatwa nayo kwenye theluji au barafu ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako kule Flensburg, kwenye daftari la makosa ya madereva. Nimemwambia, akacheka.

Sasa tuje kwenye bima, maana huyo wa yadi nilimtegemea. Huyu wa bima alivaa tai.

Kwa asiyejua: huku bima ndogo, ya kumlipa uliyemgonga, ni lazima, na bila namba ya uthibitisho kutoka kampuni ya bima ofisi ya usajili haikupi namba za gari. Juu yake kuna ya kati (wizi, moto, mvua ya mawe, kioo, kugongana na mnyama, na huku paa wanaruka barabarani alfajiri kama hawana wazazi), kisha bima kubwa. Kwa mkweche wa euro elfu mbili, anayekushauri ukate bima kubwa mfungulie mlango atoke. Ya kati ifikirie.

Na bei ya bima ndogo haijali gari lako ulilinunua shilingi ngapi. Inaangalia aina ya gari hilo inasababisha hasara kiasi gani, wilaya unayoishi, na zaidi ya yote daraja lako, wanaliita SF: miaka uliyokaa na bima bila kusababisha madai, likipanda bei inashuka. Ndiyo maana kigari cha bei ya kutupa kinaweza kulipiwa bima kushinda gari la maana. Bei ya bima iulize kabla hujamlipa muuzaji hata senti.

Miaka yangu ya kupeleka gari Dar hadi Morogoro na malori yakinipumulia kisogoni? Sifuri. Leseni ya Tanzania unaitumia miezi 6 tangu uhamie, baada ya hapo unarudia mtihani wa nadharia na wa barabarani, kwa sababu hatumo kwenye orodha ya nchi za kubadilishana. Hilo nimelimeza. Gari la pili nalo kwa kawaida linaanzia chini, SF ½, hata kama la kwanza limeshapanda. Nalo nimelimeza.

Lisilomezeka ni hili. Wakala ananiambia, "Chukua namba za msimu, Novemba hadi Machi, unalipa miezi mitano tu." Kweli, kodi na bima vinahesabiwa miezi hiyo, na kulia kwa kibati wanakuandikia 11 juu, 03 chini. Alichonyamazia: ili upande daraja, gari lazima liwe na bima hai walau miezi sita ndani ya mwaka. Mitano haifiki! Bili ya mwaka uliofuata imekuja na SF ½ ile ile, na ingekuja hivyo hivyo mpaka nistaafu. Angesema Oktoba hadi Aprili ingekuwa miezi saba na ningepanda. Tena huku theluji ya Aprili si habari. Barabara nyeupe, gari liko uani na tairi zake halali, na siruhusiwi kuliwasha. Hata kuliegesha tu barabarani nje ya msimu ni kosa, kwa hiyo nalipia nafasi ya kulilaza.

Nilipompigia na kusema nahama, ghafla akakumbuka kuna "daraja maalum" la wateja wa gari la pili. Nikamuuliza, nikihamia kampuni nyingine daraja hilo linanifuata? Akaanza kukohoa. Halikufuati. Kampuni mpya inapewa daraja halisi tu, kwa hiyo zawadi yenyewe ni kamba ya shingoni.

Nimedai daraja langu halisi kwa maandishi, sijajibiwa. Nimebadilisha msimu kuwa 10 hadi 04. Vibati vipya na ada ya usajili vimetoka mfukoni mwangu. Barua ya kusitisha mkataba lazima iwafikie ifikapo tarehe 30 Novemba, ninayo tayari. Malalamiko nayapeleka kwa msuluhishi wa bima Berlin, kwa mteja ni bure.

Aliyewahi kurudishiwa gharama za vibati kwa ushauri mbovu wa wakala aniambie alitumia maneno gani. Na wale wa "nunua baiskeli", karibuni Allgäu Januari, nitawaazima yangu.