Dada yangu amebadilika, nami sijui nianzie wapi

Swali: Kwa majuma 3 sasa dada yangu, ambaye hakuweza kumaliza chakula bila kusimulia habari za siku nzima, anakula kimya, anaamka saa 9 usiku na kukaa jikoni gizani, na nikimuuliza ananijibu kwa mkato kwamba hana neno. Naogopa kumsumbua, na naogopa zaidi kumwacha peke yake.

Jibu la 1: Pole sana, ndugu yangu. Mweleze ulichokiona kwa macho yako: "Dada, nimekuona ukiamka usiku, nami nakuwaza." Kisha nyamaza. Mume wangu alifunguka tulipokuwa tukianua nguo, nadhani kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na hakulazimika kunitazama usoni.

Jibu la 2: Msongo wa mawazo hupandisha homoni za tahadhari kama kotisoli, ndiyo maana usingizi hukatika na hasira huwa karibu, kwa hiyo majibu yake ya mkato usiyachukulie kuwa chuki. Mpunguzie kazi moja bila kungoja akuombe.

Jibu la 3: Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu karibu kila siku kwa majuma 2 au zaidi, huenda ikawa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni inayodumu, nayo hutibika, jitolee kumsindikiza kwa daktari. Akitamka kwamba amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na usimwache peke yake hadi apate msaada.

Muulizaji: Asanteni sana. Usiku huu akiamka, nitakwenda kuketi naye.