Nimekimbia "wewe mtoto wa nani" bongo, nimeikuta kwenye besiboli Marekani. Wasaka vipaji mnatuumizia watoto!

Wakuu habari zenu. Naandika nimepaki lori, sijalala, nina hasira ya siku tatu kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha. Msiojua besiboli msikimbie, nitaeleza taratibu, na jambo lenyewe mnalijua vizuri tu kutoka nyumbani.

Kijana wangu ana miaka 17, anacheza sentafildi, yaani yule anayesimama katikati kule nyuma kabisa anakimbiza mipira mirefu. Tunaishi Georgia. Jumamosi iliyopita nilimpeleka kwenye majaribio, yale ambayo wasaka vipaji na wale watu wanaopanga majina ya vijana kwa ajili ya drafti (siku timu za ligi kuu zinapochagua vijana kwa zamu) wanakuja na stopwochi na vibunduki vya rada vya kupimia spidi ya mpira. Kiingilio karibu dola 500, mama yake kaongeza shifti mbili za usiku kulea wazee ndo ikatimia. Mi nimeshusha mzigo saa nane usiku nikapitiliza moja kwa moja kumchukua, tukaendesha masaa matano.

Asubuhi mnapewa fomu. Jina, urefu, uzito, shule, unapigia mkono gani, unarushia mkono gani. Chini kabisa kuna mstari unauliza mzazi au ndugu aliyewahi kucheza mchezo wowote wa kulipwa. Dogo akainua kichwa akaniuliza, "Baba, hapa niandike nini?" Mi nilikuwa kipa wa timu ya mtaa Tanga, tulicheza kwa ajili ya jezi na soda. Nikamwambia paache wazi tu mwanangu, hapana shida.

Pana shida wakuu. Pana shida kubwa.

Dogo kakimbia yadi 60 kwa sekunde 6.6, nimeiona kwa macho yangu kwenye stopwochi ya mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye uzio. Karusha mpira kutoka kule nyuma ukamfikia mdakaji bila kugusa chini. Kwenye kupiga, mipira mitatu imegonga uzio na mingine kaikosa, siwezi kudanganya, mpira wa kupinda bado unamsumbua. Sawa. Baada ya vijana kama watatu akaingia kijana mmoja ambaye baba yake alicheza NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na mimi sina ubaya wowote na yule mtoto, ana adabu zake, alimsalimia kijana wangu vizuri tu. Lakini wale mabwana waliokuwa wamekaa kivulini muda wote WAKASIMAMA. Mtoto hajagusa mpira bado, watu wameshasimama! Kakimbia 6.9. Kaangusha mpira mmoja wa wazi. Mipira ya kupinda kaikosa vilevile kama wangu. Nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake usiwe na wasiwasi, damu ipo pale, itajitokeza tu.

Baadaye bwana mmoja wa kupanga majina akanifuata, akaniuliza wewe ndo baba yake? Ulicheza wapi? Nikamwambia mi naendesha lori. Akasema sawa, akabonyeza kalamu ikaingia ndani, akaondoka. Swali la pili hakuuliza. Hajauliza dogo anafanya mazoezi wapi, anakula nini, ameanza mchezo lini, kocha wake nani.

Siku mbili baadae maelezo yametoka. Kijana wangu kapewa mistari miwili, ana kasi, ana mkono, bado mbichi sana. Yule mwenzake kapewa aya nzima na sentensi ya kwanza ina jina la baba yake, na pale kwenye mpira wa kupinda wameandika kwamba anaendelea kukua. Kosa ni lile lile, siku ile ile, mrushaji yule yule! Kwangu linaitwa ubichi kwa mwenzangu linaitwa kukua.

Sasa najua kuna watu watakuja hapa na mtoto wa nyoka ni nyoka. Subirini kwanza. Mi nafuatilia huu mchezo mwaka wa kumi sasa na sibishi kwamba watoto wa wachezaji wanakuwa wazuri. Ken Griffey Jr. alichaguliwa namba moja 1987 na Seattle, baba yake alikuwa bado anacheza, na mwaka 1990 wakapiga homurani (mpira unaovuka uzio kabisa) mmoja nyuma ya mwingine kwenye mechi moja, baba akatangulia mtoto akafuata. Bobby Witt baba alichaguliwa namba 3 mwaka 1985, mwanae akachaguliwa namba 2 mwaka 2019 na sasa hivi ni moto pale Kansas City. Hayo yote nayajua. Ninachogombana nacho ni HESABU yao, maana hesabu yao ni mbovu.

Hawa jamaa wana kipimo chao cha 20 mpaka 80, 50 ndo mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Wanapima kupiga, nguvu, mbio, mkono na udakaji. Vitu vitano basi. Sasa kama baba alimpa mtoto miguu, ile miguu si inaonekana kwenye stopwochi? Kama kampa bega, si linaonekana kwenye rada? Kila alichorithi kimeshaingia kwenye zile namba! Ukimaliza kuandika namba alafu ukaongeza "na pia ni mtoto wa fulani", umehesabu kitu kimoja mara mbili. Ni kama umpeleke samaki kwenye mzani pale Deep Sea Tanga, kilo tatu, alafu muuzaji akuambie huyu lipia kilo nne sababu katoka mkondo mkubwa. Mkondo mkubwa si ndo umempa hizo kilo tatu?

Na damu ya NFL inasaidia nini kwenye mpira wa kupinda? Nani atanijibu hili? Kusukumana na mijitu ya kilo 130 na kusoma mpira unaokuja kwa kasi alafu unadondoka mbele ya miguu yako ni vitu viwili tofauti kabisa. Angalieni drafti ya 2022, ile ndo iliwapandisha wazimu. Namba moja Jackson Holliday, mtoto wa Matt Holliday, kaenda Baltimore. Namba mbili Druw Jones wa hapa hapa Georgia, mtoto wa Andruw Jones mwenye glavu za dhahabu 10, zile tuzo za udakaji bora, kaenda Arizona. Namba tatu Kumar Rocker, baba yake Tracy Rocker alikuwa mtu wa futiboli ya Kimarekani. Namba tano Elijah Green, baba yake Eric Green alicheza NFL. Yaani kati ya watano wa kwanza ni Termarr Johnson wa Atlanta peke yake ambaye habari yake haikuanzia kwa baba. Ukishuka namba 17 unamkuta mtoto wa Carl Crawford, namba 18 mtoto wa Lou Collier.

Watu wakaona hii ndo dawa, damu damu damu. Lakini hebu mtazameni Holliday vizuri. Mwaka ule akiwa sekondari Stillwater, Oklahoma, alipiga hiti 89 (mipira iliyompa nafasi ya kufika kituoni salama) kwa msimu mmoja akavunja rekodi ya nchi nzima ya shule za sekondari, rekodi iliyokuwa ya J.T. Realmuto, 88. Kwa hiyo gongo lake ndo limempeleka juu, hiti 89 hazihitaji cheti cha kuzaliwa. Na hata huyo, alipopanda ligi kuu Aprili 2024 alianza na hiti 2 katika mara 34, wakamrudisha chini ajipange. Jina la baba halikumsaidia kuuona mpira. Druw Jones yeye maskini kasaini zaidi ya dola milioni 8, siku za mwanzo kabisa kwenye mazoezi ya kupiga bega likaachia, akafanyiwa upasuaji. Green naye akasumbuka ligi za chini kwa kukosa mipira. Na hao watoto nao wanaumia jamani, huyu Jones akiwa na miaka 18 alikuwa anapimwa na glavu 10 za baba yake kabla hajapanga nyumba yake ya kwanza.

Na Rocker, kila mtu anataja baba. Yule kijana alivyokuwa chuo cha Vanderbilt 2019 alirusha mechi nzima bila kupigwa hiti hata moja na akatoa watu 19 kwa straik. Si mtaje hilo kwanza? Na mama yake je, hakumzaa? Hawa jamaa damu wanaijua ya upande mmoja tu. Barry Bonds, yule mpigaji maarufu wa homurani, wote wanasema mtoto wa Bobby Bonds, wangapi wanakumbuka shangazi yake Rosie alikimbia kuruka viunzi Olimpiki ya Tokyo 1964?

Alafu kuna hii ndo inaniua kabisa. Kama jina linasema kweli, mbona Fernando Tatis Jr. alisainiwa kwa dola 700,000 tu mwaka 2015 na mwaka uliofuata timu yake ya White Sox wakampeleka San Diego ili wapewe mrushaji mzee kabla mtoto hajacheza hata mechi moja ya kulipwa? Baba yake ndo yule aliyepiga homurani mbili za kuingiza wachezaji wanne kila moja, kwenye ingizo moja (zamu moja ya timu kupiga) 1999, mtu wa rekodi! Hapo damu haikuonekana? Yaani ikibahatika ni damu, isipobahatika kimya.

Na Mike Piazza. Mwaka 1988 kachaguliwa raundi ya 62, mtu wa 1,390, na kachaguliwa kwa sababu baba yake ni rafiki wa Tommy Lasorda aliyekuwa kocha wa Dodgers. Baba mwenyewe mfanyabiashara wa magari, hana damu ya mchezo wowote. Homurani 427. Mwaka 2016 kaingia Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli Cooperstown siku moja na Griffey, yule namba moja. Nikiisoma hii huwa sifurahi kama wengine wanavyofurahi, mi naona wataalamu walipita mbele ya huyu mtu raundi 61 hawakumuona, na aliyemfungulia mlango ni urafiki wa wazee. Wangapi walikuwa na mkono ule ule ila wazee wao hawana rafiki? Na siku hizi drafti ina raundi 20 tu, vijana 600 na kidogo nchi nzima. Hakuna tena raundi ya 62.

Kuna kitu baba maarufu anampa mtoto, tena kikubwa, lakini hakipo kwenye damu. Ni keji ya kupigia nyuma ya nyumba. Ni mashine ya kurusha. Ni kushinda kwenye vyumba vya wachezaji tangu una miaka mitano unaona mtu mzima anavyojiandaa. Akina Holliday pale Stillwater, baba mchezaji wa ligi kuu, baba mkubwa Josh ndo kocha mkuu wa timu ya chuo cha Oklahoma State, babu naye kocha. Mtoto wa namna hiyo ameshaona mipira ya kupinda maelfu kabla hajaota ndevu. Vizuri sana, Mungu awazidishie. Ila sasa pigeni hesabu kama watu wazima. Yule aliyepewa kila kitu na anakimbia 6.9, na huyu ambaye kafundishwa na mzee mmoja wa hapa mtaani aliyempa glavu yake ya zamani, anafanya mazoezi kwenye paking baada ya mimi kurudi safari, na anakimbia 6.6, nani kati yao bado ana nafasi ya kukua? Nani hapo mbichi na nani ameshapikwa?

Huwa namuwaza yule kijana wa Uganda, Dennis Kasumba, kalelewa bila wazazi, anajifua na matairi ya gari, video zake zikazunguka dunia nzima mpaka 2023 akapata nafasi ya kuchezea Frederick kule Maryland kwenye ligi ya kuandaa vijana wa drafti. Ule mstari wa chini wa fomu yeye angeujaza nini? Au wale watoto wa Lugazi waliofika fainali za dunia za watoto 2012, Waafrika wa kwanza, wakawafunga Wamarekani wa Oregon 3-2. Wangeandika baba zao walicheza wapi?

Mi bongo niliondoka sababu ya hili swali. Kila ofisi niliyopeleka bahasha, kijana wewe mtoto wa nani, nani amekuelekeza hapa. Nimevuka bahari, nimebeba boksi miaka nane kabla ya kupata leseni ya lori, ili mwanangu asiulizwe. Ameulizwa kwenye fomu, kwa maandishi.

Usiku ule tunarudi alikaa kimya mpaka tumekaribia nyumbani, alafu akaniambia baba, si ningeandika tu kwamba ulikuwa kipa. Nilishindwa kumjibu, nikaongeza sauti ya redio.

Nimemwandikia yule bwana wa kalamu imeili, nimeomba anitumie namba alizompa kijana wangu kwenye kile kipimo chao, zote tano, na namba za yule mwenzake ambazo zipo wazi ziwekwe pembeni yake. Sijamtukana. Nimeambatanisha video ya mbio ambayo mdogo wake alirekodi, stopwochi inaonekana. Hajajibu. Tarehe 12 kuna majaribio mengine, Alabama, na tunaenda. Kama kuna mdau yupo huku States mwenye mtoto kwenye huu mchezo anayejua maskauti wa timu zenyewe wanafikiwaje bila kupitia hawa wapanga majina, aje inbox tafadhali. Akijibu huyu bwana nitaleta mrejesho hapa hapa.