Tupeane uzoefu: wanafunzi wa uuguzi, nini kilikufungua kwenye uandishi wa kitaaluma?

Zamu ya Usiku: Wadau, ripoti ya wodi tunaiandika hata tukisinzia: kifupi, vifupisho kibao, basi. Ukija kwenye tasnifu, mhadhiri anataka hoja, ushahidi na chanzo. Nani au nini kilikuvusha? Leteni visa vyenu wenyewe.

Kipimajoto: Kilichonivusha mimi ni swali la utafiti. Mada yangu ilikuwa vidonda vya mgandamizo, pana kama bahari. Msimamizi akanikalisha, tukaipitisha kwenye PICO: mgonjwa gani, unamfanyia nini, unalinganisha na nini, unatazamia matokeo gani. Likazaliwa hili: kwa wazee waliolazwa wasioweza kujigeuza, je, kuwageuza kila baada ya saa 2 kunazuia vidonda kuliko kila baada ya saa 4? Kuanzia hapo hata kutafuta makala PubMed, ile hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, kukawa rahisi, maana kila kipande cha swali ni neno la kutafutia. Visawe unaviunga kwa OR, vipande tofauti kwa AND. Kabla ya hapo nilikuwa naletewa maelfu ya makala, nani atayasoma?

Bi Mkunga: Kwangu kazi ilikuwa mapitio ya maandiko. Mwenzangu wa darasani alinionyesha jedwali lake: kila makala na mstari wake, halafu swali, washiriki, mbinu, matokeo, kasoro. Lisome kutoka juu kwenda chini, si pembeni. Unawaona wanaokubaliana na wanaopingana, na aya zinajipanga kwa hoja badala ya "fulani alisema, fulani naye akasema".

Glavu Mbili: Na kutaja vyanzo je? Mtindo wa APA, toleo la 7, la 2019: waandishi watatu au zaidi, taja wa kwanza "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Kwenye orodha ya marejeo unaandika majina hadi 20. Jamani, msikeshe kwa hilo.

Dada wa Wodi: Mmesahau insha za tafakuri, zile za kutafakari tukio la kazini kwa mzunguko wa Gibbs: tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango. Mhadhiri aliniandikia pembeni: "Ulivyojisikia nimekuelewa. Utafiti unasemaje?" Hapo ndipo nilipoona kwamba hatua ya uchambuzi nayo inadai vyanzo. Na siri ya mgonjwa: jina la kubuni pekee halimfichi. Umri, tarehe, wodi na ugonjwa adimu vikikaa pamoja, wanaomjua watamtambua.

Zamu ya Usiku: Shukrani, Dada. Kwenye tafakuri mnaandika "mimi"? Kwetu linakatwa kwa wino mwekundu.

Bi Mkunga: APA yenyewe inalikubali, hasa ukieleza ulichofanya wewe. "Niliwahoji wauguzi" ni wazi kuliko "wauguzi walihojiwa", maana hapo hatujui na nani.

Glavu Mbili: Lakini anayesahihisha si APA, ni mhadhiri wako. Soma mwongozo wa kozi; kama hausemi lolote kuhusu hilo, muulize kabla hujaandika.