Ushirika wetu wa stima umepandisha ada bila mkutano, na anayeumia ni mwenye balbu mbili

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sioni haja ya kuificha. Huku Bungoma, upande wa mlimani, tuna chama cha ushirika kinachozalisha stima kwa maji ya mto na kuisambaza kwa wanachama. Tulinunua hisa, tukachangia nguzo, mfereji ukachimbwa kwa majembe yetu. Sasa kamati imebandika karatasi mlangoni pa ofisi: ada ya kila mwezi inatoka shilingi 150 hadi 400. Bei ya yuniti haikuguswa. Sababu? "Gharama zimepanda." Basi.

Sipingi bei kupanda, tuelewane hapo. Kiangazi cha Januari na Februari mto hupungua, turbaini haina nguvu, tunawasha jenereta. Dizeli nayo bei yake hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya, kila tarehe 14, uwe na pesa usiwe nazo. Vipuri vya turbaini vinaagizwa nje na vinalipiwa kwa dola. Waya unapita mbali kati ya boma na boma, na nguzo ikioza lazima ibadilishwe hata kama huko mwisho kuna nyumba moja tu. Gharama hizo hazipungui eti kwa sababu tumetumia stima kidogo, na wengi wetu tunatumia kidogo kwelikweli: taa, kuchaji simu, redio, runinga wakati wa habari. Pesa za kuendesha mtambo zinagawanywa kwa yuniti chache, kwa hivyo stima ya kijijini haiwezi kuwa rahisi. Mwanachama akikalishwa chini akaelezwa hivyo, anaelewa. Nani alitukalisha?

Ila kinachonichoma zaidi ni mahali walipoiweka hiyo nyongeza. Ada ya mwezi inakatwa sawa kwa kila mita. Mama mjane mwenye balbu mbili anakatwa 400, mwenye posho mili na welda anakatwa 400. Kwa yule mama, ada sasa imezidi stima anayotumia mwezi mzima. Huyu mwingine anairudisha asubuhi moja ya siku ya soko. Na ni mashine hizohizo zinazofanya jenereta iwashwe mchana! Ni kama kumtoza aliyebeba gorogoro moja ya mahindi nauli sawa na mwenye magunia kumi. Halafu angalieni waliopitisha uamuzi: wengi wa kamati yetu ni wenye mashine. Simtaji mtu jina, lakini kijijini tunajuana.

Kwenye gridi ya taifa, ada ya namna hii, shilingi 150 kwa mwezi, iliondolewa mwaka 2018. Na tangu Aprili 2023 mwenye nyumba asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa yuniti, anayepita 100 akawekewa 20.97, kabla ya kodi na tozo. Mimi nina ugomvi wangu na mpango huo pia, kwa maana zamani nafuu ya mtumiaji mdogo ilifika hadi yuniti 100 na wengi walitupwa nje ilipokatwa. Lakini angalau mdogo analipa kidogo. Sisi wenye chama chetu wenyewe tumegeuza kinyume.

Mwenyekiti hupenda kutuambia habari za vyama vya stima vya vijijini Marekani, vilivyoenea baada ya sheria ya mwaka 1936. Sawa. Mbona hasemi kwamba kule ziada ya mwaka huandikwa kwenye akaunti ya kila mwanachama kulingana na stima aliyonunua, na hurudishwa baadaye? Sisi hata hesabu zilizokaguliwa hatujaonyeshwa. Wapo wateja wakubwa wasio na mita za tokeni, wanaletewa bili, na deni linalala. Tunataka kujua ni kiasi gani, kabla ya kuguswa kwa mtu anayelipa kabla ya kuwasha taa.

Na sheria ya vyama vya ushirika inasema mkutano mkuu uitishwe kwa notisi ya maandishi ya siku 15 au zaidi. Karatasi ya mlangoni si mkutano.

Tunachodai: ada irudi 150 kwa sasa, hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote, na kama pengo lipo kweli, liwekwe kwenye yuniti, kuanzia kwa wanaotumia nyingi. Tumeanza kukusanya sahihi. Kama kuna mtu hapa amewahi kupeleka malalamiko kama haya kwa afisa wa ushirika wa kaunti, aniambie alibeba nyaraka gani na alijibiwa vipi.