Mjomba kajitoa kwenye kamati

Zawadi: Shikamooni wote. Klabu ya Rotary ya mjomba, ile ya watu wa kujitolea, imetoa tangazo la ufadhili kwa wanafunzi wa vyuo. Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa saa kumi jioni. Nimeshaichukua 🙏

Shangazi: Marahaba mwanangu. Umewahi, vizuri.

Mama Zawadi: Mungu mwema jamani. Kaka, si uko kwenye kamati inayochagua? Mshike mkono mpwa wako.

Mjomba: Nilikuwemo. Mchana huu nimemwandikia mwenyekiti kwamba mpwa wangu anaomba, nikajitoa. Mwaka huu sigusi fomu hata moja, na wakianza kujadili natoka nje.

Mama Zawadi: Sasa faida ya kuwa na mtu Rotary ni nini? 😩

Juma: Mama 😂😂

Mjomba: Dada, kwenye mikutano tunasoma yale maswali manne, yapo tangu 1932. La kwanza: je, ni kweli? La pili: je, ni haki kwa wote wanaohusika? Nitalisomaje hilo mbele za watu nikiwa nimempitisha mtoto wa dada yangu mlango wa nyuma?

Mama Zawadi: Ungelisoma kwa sauti ya chini.

Juma: Lakini mtandaoni nimeona Rotary wanatoa dola 30,000! Zawadi huyoo, majuu 🛫

Mjomba: Unachanganya. Hiyo ni ruzuku ya kimataifa ya Taasisi ya Rotary, mfuko wa Rotary ya dunia nzima. 30,000 ndiyo kima cha chini cha bajeti yake, ni ya kuanzia shahada ya uzamili, tena unasoma nje ya nchi yako, na kozi iwe ndani ya mambo 7 wanayoyashughulikia. Afya imo, lakini Zawadi yuko diploma ya uuguzi. Hii yetu ni mfuko wa klabu tu, hela za harambee na yale matembezi ambayo mlikataa kununua fulana.

Shangazi: Mimi nilinunua shemeji, usinijumlishe.

Juma: Nasoma hapa, kumbe ufadhili wao ulianza 1947. Mwanzilishi wao Paul Harris alifariki Januari mwaka huo, watu wakachanga kwa kumbukumbu yake, wakasomeshwa wanafunzi 18 wa kwanza.

Mama Zawadi: Yaani rambirambi zikageuka ada. Safi sana hiyo.

Zawadi: Mjomba, ila mimi naruhusiwa kuomba kweli? Juma ananitisha huku ati ndugu wa wanachama hawatakiwi.

Mjomba: Unaruhusiwa. Kwa fedha za Taasisi, wanaokatazwa ni mwanachama mwenyewe, mwenzi wake, watoto, wajukuu, wazazi, babu na bibi. Mpwa hayumo. Klabu yetu imechukua sheria hiyohiyo kwa mfuko wake, ikaongeza kwamba mwenye ndugu anayeomba akae pembeni.

Juma: Kwa hiyo mzazi anajiuzulu leo, mtoto anaomba kesho 😏

Mjomba: Walishakuwahi. Ukitoka uanachama, katazo linakufuata miezi 36.

Mama Zawadi: Basi angalau msomee insha yake.

Mjomba: Hata hiyo sitaiona dada. Mwalimu si yupo humu? Shemeji atamsaidia.

Shangazi: Weka hapa mwanangu, aya ya kwanza tu.

Zawadi: "Mimi ni binti kutoka familia yenye hali duni. Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa muuguzi ili niwasaidie wagonjwa na kulitumikia taifa langu."

Mjomba: Mimi nimefumba macho.

Shangazi: Futa.

Zawadi: Yote?? 😭

Shangazi: Yote. Wana rundo la fomu na nyingi zimeanza hivyohivyo. Hali duni wataiona kwenye karatasi ya ada, usiililie. Waandikie yale ya Jumamosi, unavyozunguka kuwapima wazee presha. Yule mzee aliyekuwa anakata vidonge nusu nusu ili visiishe, ukamgundua baada ya kuvimwaga mezani na kuvihesabu. Klabu ni ya watu wa kujitolea, wanamtafuta mwenzao.

Zawadi: Nilidhani hicho ni kitu kidogo shangazi.

Shangazi: Anza na vile vidonge mezani. Ndoto za utotoni waachie wengine.

Mama Zawadi: Na hela nitapewa mimi nikalipe?

Mjomba: Zinaingia akaunti ya chuo moja kwa moja. Na hazimalizi ada. Kwenye bajeti aonyeshe salio litatoka wapi. Wengi wanapaacha wazi hapo, kamati inaogopa mtoto ataishia njiani. Haya yote yako kwenye tangazo, sijatoa siri.

Juma: Barua mbili za kumthibitisha, moja ya mhadhiri. Ya pili naandika mimi 😎

Shangazi: "Asiwe ndugu." Soma fomu kijana.

Zawadi: Nitamwomba muuguzi mkuu pale ninapofanya mazoezi.

Shangazi: Kamwombe leo. Ukienda Alhamisi usiku atakuandikia mistari mitatu ya kukufukuza.

Mama Zawadi: Kaka, Jumapili bado unakuja kula?

Mjomba: Majina yakishatoka, dada.

Mama Zawadi: Heee! Hata chakula cha dada yake anakiita hongo!

Juma: Mimi siko kwenye kamati yoyote, sahani yake niwekeeni 🙋🏾‍♂️