Madesa, diskasheni, video au kadi: kipi kinamvusha mwanafunzi wa udaktari?

Sapu_Mbili
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Niko mwaka wa pili wa udaktari. Mwaka wa kwanza ulinitoa jasho: sapu mbili (mitihani ya kurudia), anatomia na biokemia, nikazifuta kwa mbinde wenzangu wakiwa likizo kwao. Muhula huu ulipoanza tukapewa fomu ya VARK, ile ya maswali 16 inayokwambia kama wewe ni mtu wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, au wa kutenda kwa mikono. Mimi nikatoka mtu wa kuona. Nilifurahi kweli, nikajua ugonjwa wangu umepatikana. Diskasheni nikaacha, madesa (zile notsi za kukopi) nikaweka kando, nikawa mtu wa video tu, bando la wiki linaisha Jumatano.

Jaribio la kwanza la fiziolojia: 43.

Naomba mliopita huko mnilinganishie hizi njia. Msiniambie "soma kwa bidii", hilo hata bibi kaniambia.

MsuliWaUsiku
Mkuu, madesa na maswali ya miaka iliyopita, basi. Mitihani inajirudia kuliko unavyodhani. Niko mwaka wa nne na sijawahi kununua kitabu.

Nuru_Wodi3
@MsuliWaUsiku na hilo ndilo linalonitia hofu, kaka yangu 😂

Mimi ni wa diskasheni, ila si diskasheni ya watu kumi na wawili na soda. Sisi tulikuwa wanne. Sheria ilikuwa moja: anayeeleza hashiki karatasi, na anaeleza kwa Kiswahili. Watu wanacheka hiyo ya Kiswahili, lakini jaribu. Darasani unasema maneno ya Kiingereza yanateleza kama mlenda, unajiona umeelewa. Sasa mweleze mama aliyekaa kitandani kwa nini figo zikilegea miguu inavimba, bila kujificha nyuma ya neno hata moja la kitabuni. Pale ndipo tulipokuwa tunagundua nani anajua na nani anaimba.

Kasoro yake ni muda. Saa mbili za watu wanne mnaweza kumaliza mada moja tu, na akiwepo mmoja ambaye hajasoma kabisa, mnageuka walimu wake. Tulimtoa mtu mmoja kwenye kundi kwa sababu hiyo na mpaka leo hanisalimii vizuri.

Tarajali_Mpya
Nimemaliza miaka mitano, sasa ni daktari tarajali, yaani niko mafunzoni hospitalini. Nianze na hiyo fomu maana ndiyo imekuponza.

VARK ilitungwa na Neil Fleming wa Chuo Kikuu cha Lincoln, New Zealand, na makala aliyoandika na Colleen Mills ilitoka mwaka 1992. Fomu yenyewe haina ubaya. Inakuuliza unapendelea nini, nawe unajibu. Kosa ni kuisoma kama majibu ya maabara. Kupenda ugali si ushahidi kwamba tumbo lako haliwezi kumeng'enya wali. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu mitindo ya kujifunza. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba "mtu wa kuona" akifundishwa kwa picha anafaulu kuliko akifundishwa kwa njia nyingine. Baadaye watafiti Husmann na O'Loughlin wa Indiana, Marekani, wakawafuatilia wanafunzi zaidi ya 400 wa anatomia. Wengi hata hawakuwa wanasoma kwa mtindo waliopangiwa na fomu, na waliousoma huo mtindo hawakuwazidi wenzao alama.

Kwa hiyo badala ya kuuliza wewe ni mtu wa aina gani, uliza njia gani inakulazimisha kukitoa kitu kichwani. Kuna jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006 ambalo kila mwenye sapu alipaswa kubandika ukutani. Kundi moja lilisoma kifungu kwa zamu nne. Kundi jingine lilikisoma kwa zamu moja tu, halafu mara tatu likaandika lilichokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5, waliosoma zamu nne waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na wale waliojipima asilimia 61.

Video inakuibia hapo hapo. Mtu anakuchorea nefroni, kile kichujio kidogo cha figo, kwa rangi tatu, unatikisa kichwa, unahisi imeingia. Imeingia kweli, kwa zile dakika 5. Video uliyoisimamisha katikati ukajiuliza "anaenda kusema nini?" ni kitu kingine kabisa.

Na kwako @MsuliWaUsiku, kuhusu madesa. Nilirithi desa la magonjwa ya watoto lililokopiwa mpaka herufi zimefifia. Dozi ya atesuneti ya sindano kwa malaria kali imeandikwa miligramu 2.4 kwa kila kilo, bila kubagua mtu. Nikaikariri hivyo. Usiku mmoja kaja mtoto wa kilo 14, nikaandika 33.6 kwa kujiamini. Muuguzi wa zamu, dada mtulivu sana, akauliza taratibu: "Dokta, huyu si chini ya kilo 20?" Tangu mwongozo wa WHO wa mwaka 2015, mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo. Yaani 42. Desa langu lilikuwa la kabla ya hapo, na kila aliyelikopi alilikopi pamoja na kosa.

MsuliWaUsiku
Hiyo nimeipokea. Madesa ya dawa naangalia mwaka kuanzia leo. Ila maswali ya nyuma siachi, na kwa hoja yako mwenyewe, kufanya maswali ya nyuma si ndiyo kujipima?

Tarajali_Mpya
Ndiyo, kama unayajibu kabla ya kuona majibu 😀

Tarajali_Mpya
(Najua hauyajibu.)

KadiTu
Nimechelewa uzi. Mimi natumia Anki, programu ya kadi za maswali. Jina lenyewe ni la Kijapani, maana yake kukariri, ilitoka mwaka 2006. Inakurudishia swali kila unapokaribia kulisahau. Kwenye Android na kompyuta ni ya bure, na ukishapakua kadi zako inafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo mwenye tatizo la bando sikiliza hapo.

Siri iko kwenye kutengeneza kadi. Kadi ya "Taja madhara ya dawa za TB" ni takataka, utaimba orodha kama watoto wa chekechea. Yangu inasema: "Mgonjwa yuko kwenye dawa za TB, anasema nyekundu na kijani siku hizi zinamchanganya. Dawa ipi?" Ethambutoli. Nyingine: "Kaja mbio, mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa. Unamwambia nini?" Rifampisini, mtulize, aendelee na dawa. Kadi moja, swali moja, mgonjwa mmoja.

Ubaya wake niuseme bila kuficha. Nilienda msibani siku nne, niliporudi kadi 900 zilikuwa zinanisubiri. Pia kadi haifundishi kitu ambacho hukuelewa. Ukikariri usichokielewa, unakuwa kasuku mwenye ratiba.

Sande_wa_Eldy
Salamu kutoka Kenya. Huku kozi ni miaka 6, na Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret kilianza shule yake ya tiba kwa mfumo wa kusoma kupitia tatizo, ule uliozaliwa McMaster, Canada, mwaka 1969. Mnapewa kisa cha mgonjwa kabla hamjafundishwa, mnajadili mnachojua, mnaorodhesha msichojua, kila mtu anaenda kutafuta, mnarudi. Nadhani ni karibu na kile anachosema Nuru, tofauti ni kwamba mnaanza na mgonjwa badala ya mada. Mtu mvivu anaweza kujificha humo mwaka mzima, hilo nakiri.

Sapu_Mbili
Asanteni sana. Sasa swali: mikono je? Wale walioambiwa ni watu wa kutenda wanadai wao wanangoja wodi, hawasomi mpaka waguse mgonjwa.

Mzee_wa_Raundi
Marahaba wanangu. Nimefundisha wodini miaka mingi, naomba nichangie hili moja.

Kuna vitu havisomeki kitabuni hata uwe mtu wa herufi namna gani. Chukua mgonjwa ambaye vali yake ya maitro, moja ya milango ya moyo, imesinyaa kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, wapo wengi kwetu. Mlaze ubavu wa kushoto. Weka upande wa kengele (ule wenye shimo) wa stetoskopu kwenye ncha ya moyo, usikandamize, maana ukikandamiza ngozi inakazika na mlio unapotea. Mwambie atoe pumzi, ashike. Utasikia mngurumo mzito wa chini, kama lori linalopita barabara ya mbali usiku. Maelezo hayo mnayo nyote kwenye madesa, na hakuna aliyewahi kuusikia mngurumo huo kwa kuyasoma.

Lakini wodi peke yake nayo hudanganya. Siku moja nilikuwa na wanafunzi sita, nikawapa stetoskopu yangu wasikilize kwa zamu. Wote sita: "Nimesikia, Dokta." Wa saba alikuwa daktari mwenzangu, akaiweka masikioni akaniangalia. Nilikuwa nimeigeuza upande wa kiwambo (ule bapa), na wao wakaweka kengele. Upande wa kengele ulikuwa umefungwa, hakuna sauti iliyokuwa inapita.

Sikuwagombeza. Nilimuuliza kila mmoja mlio ule ulikuja lini, kabla au baada ya mshindo wa pili wa moyo. Aliyekuwa amesoma usiku uliopita ndiye pekee aliyenyamaza, akaomba asikilize tena. Wengine walijibu haraka sana.

Nuru_Wodi3
Shikamoo Dokta. Nahisi mimi ni mmoja wa hao sita 🙈

Mzee_wa_Raundi
Marahaba. Huenda.

Sapu_Mbili
Basi wakuu, mrejesho. Jana usiku sikufungua video. Nimechukua kalamu ya ubao, nikauchora mtandao wa neva za bega kwenye mlango wa kabati, kitabu kimefungwa. Mizizi, C5 mpaka T1, nimepata. Mashina matatu nimepata. Migawanyo nikachanganya, nikafuta kwa soksi, nikachora tena. Mwenzangu wa chumbani, yule "mtu wa kusikia", akaamka saa nane akauliza kama naumwa.

Nimekwama kwenye kamba ya nyuma. Najua inatoa neva mbili kubwa mwishoni, siikumbuki hata moja. Kitabu sijafungua mpaka sasa.

MsuliWaUsiku
Aksila na radiali, mkuu. Karibu.

Sapu_Mbili
Kaka!! Si ndiyo nilikuwa nazitafuta mwenyewe!